Fumo Liyongo hafi kwa mkuki: namna hadithi inavyogeuzwa kuwa senario ya mchezo wa zamu

Aliyelelewa na hadithi za pwani anajua kwamba Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa Waswahili, hakuwa mtu wa kuuawa kwa mkuki wala kwa mshale. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kumdhuru, kitovuni, na chombo kimoja tu cha kumdhuru nacho, sindano ya shaba. Barazani, habari hiyo inatosha. Msikilizaji anatikisa kichwa na msimulizi anaendelea. Ukitaka kuiingiza kwenye mchezo wa kompyuta, habari hiyohiyo inakuwa mzigo. Adui wa mtu asiyekufa afanye nini zamu ya saba? Na mchezaji aliye upande wake ana sababu gani ya kufikiri, ikiwa shujaa wake hadhuriki?

Maswali hayo yamenishughulisha kwa muda mrefu, nikijenga senario ndogo ndani ya The Battle for Wesnoth. Naandika haya kwa yeyote mwenye hadithi kichwani na kompyuta mezani, ambaye amewahi kutamani kufanya hivyo akakwama, kwa sababu najua pa kukwamia ni pamoja karibu kwa wote.

Wesnoth ni mchezo wa mikakati wa zamu. Unasogeza askari wako wote, unamaliza zamu, kisha adui anasogeza wake. Hakuna kukimbizana na saa. Uliasisiwa na David White, toleo la mwanzo likatoka mwaka 2003 na toleo la 1.0 mwaka 2005. Ni wa bure, msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, na unaenda vizuri hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani isiyo na kadi ya picha. Ukishaupakua, hauhitaji intaneti tena. Kwangu mimi sababu hizo mbili za mwisho zilitosha.

Tuweke maneno sawa kidogo. Senario ni pambano moja: ramani moja, pande zake, lengo lake, na idadi ya zamu. Kampeni ni mlolongo wa senario zenye hadithi moja. Modi ni neno pana la chochote unachoongeza au kubadilisha kwenye mchezo uliotengenezwa na wengine. Anayeanza aanze na senario moja. Kampeni nyingi zinazoanzwa na wanaojifunza hufia kwenye senario ya pili, wala si kwa kukosa kipaji. Ni kwamba kazi ya kusawazisha senario moja tu ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kosa la kwanza, nami nililifanya, ni kuanza na majina. Unaandika ufalme, nasaba ya wafalme, miungu mitatu, vita vya kale, halafu unachora ramani nzuri yenye milima na mito. Wiki mbili zimekwisha na bado hujui mchezaji atafanya nini. Dunia ya kinjozi ndani ya mchezo wa zamu inakaa kwenye kanuni. Jambo la ajabu lisilogeuka kuwa namba au sharti linabaki maandishi, na mchezaji huyaruka maandishi kwa kubofya.

Namna bora ya kuliona hili ni kuangalia jinsi Wesnoth yenyewe inavyotofautisha watu wa mwanga na watu wa giza. Ingeweza kueleza kwa aya ndefu. Imefanya hesabu. Siku moja ina zamu 6: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kisha zamu mbili za usiku. Mwenye asili ya mchana hupiga kwa nguvu zaidi ya asilimia 25 asubuhi na alasiri, na hupungukiwa na asilimia 25 usiku. Mwenye asili ya usiku ni kinyume chake. Alfajiri na magharibi wote wako sawa.

Sasa chukua Spearman, askari wa mkuki wa jeshi la kibinadamu, na Orcish Grunt, yule mpiganaji wa upanga wa jamii ya orki, viumbe wakali wa kubuni. Wa kwanza hugharimu dhahabu 14, wa pili 12. Mkuki unadhuru 7 kwa kila pigo, mara tatu. Upanga unadhuru 9, mara mbili. Mchana mkuki unapanda hadi 9 na upanga unashuka hadi 7: mapigo yote yakipata, mtu anatoa 27 na orki anatoa 14. Usiku mkuki unashuka hadi 5, upanga unapanda hadi 11: mtu 15, orki 22. Askari ni walewale, ardhi ni ileile, na anayetawala uwanja amebadilika kwa sababu jua limezama. Mchezaji hahitaji kuambiwa kwamba orki ni viumbe wa giza. Ataliogopa giza mwenyewe.

Hapo ndipo ramani inapoingia, na wengi hawaelewi kwamba ramani ya mchezo wa zamu ni saa iliyolazwa chini. Tuseme senario inaanza alfajiri. Adui anaajiri askari zamu ya 1, na wanaanza kutembea zamu ya 2, vigae 5 (vyumba vidogo vya ramani) kwa zamu kwenye nyasi tambarare. Ngome zikiwa na umbali wa vigae 10, orki wanafika kwako zamu ya 3, alasiri, wakiwa dhaifu, nawe unawachinja kama kuku. Ukiziweka umbali wa vigae 20, wanafika zamu ya 5, usiku umeingia, na sasa ni wewe unayetafuta ukuta wa kuegemea. Hujabadilisha askari hata mmoja wala dhahabu hata moja. Umesogeza ngome tu. Kabla ya kuchora mto wowote, hesabu vigae.

Kila kigae ni cha pembesita, na kila aina ya ardhi ina bei ya kupita na kiwango cha kujikinga kwa kila aina ya kiumbe. Binadamu wa miguu akisimama kwenye nyasi ana kinga ya asilimia 40, kwenye vilima 50, kijijini, ngomeni au mlimani 60, na kwenye maji ya kina kifupi ni 20 tu, tena anatumia hatua 3 kuingia kigae kimoja. Faili la ramani lenyewe ni maandishi matupu: Gg ni nyasi mbichi, Ww ni maji ya kina kifupi, Wwr ni mwamba wa pwani, Ds ni mchanga wa ufukweni. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia ukaona bahari nzima ikiwa safu za herufi. Kwa kuchora, tumia kihariri kilichomo ndani ya mchezo, ni chepesi.

Kinga hiyo ndiyo inayoamua bahati. Askari wa mkuki akimshambulia mtu aliye kwenye nyasi, kila pigo lina asilimia 60 ya kupata. Uwezekano wa mapigo yote matatu kukosa ni 6.4 kwa mia. Mtu huyohuyo akiwa ngomeni, uwezekano huo unafika 21.6 kwa mia, yaani zaidi ya mara moja katika kila mara tano. Wachezaji hulalamikia sana bahati ya Wesnoth, na malalamiko mengi yangepungua kama watengeneza senario wangezingatia jambo moja: usitundike hadithi yako kwenye pigo moja. Ukiandika senario ambayo lazima kiongozi fulani auawe zamu ya 4, mtu mmoja kati ya kadhaa atashindwa bila kosa lolote, na hatarudi.

Turudi kwa Liyongo. Toleo langu la kwanza nililitengeneza kwa kufuata hadithi kama ilivyo. Wesnoth ina lugha yake ya kuandikia senario, inaitwa WML, na kiini chake ni matukio: likitokea hili, fanya lile. Kuna tukio liitwalo last breath, linalofyatuka pale kiumbe anapoishiwa uhai lakini kabla hajaondolewa uwanjani. Nikaandika kwamba Liyongo akifikia hapo, mchezo uangalie silaha iliyompiga. Ikiwa si sindano, arudishiwe uhai wote. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Nilifurahi sana, nikamwita mpwa wangu ajaribu.

Alimtoa Liyongo gerezani, alikofungwa na sultani wa Pate, akamwendesha peke yake katikati ya askari wa Pate mpaka kwenye mashua. Wapiganaji wengine wote aliwaacha pale walipoanzia. Alipomaliza akaniuliza, "Mjomba, hawa wengine wako humu kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeihifadhi hadithi na kuua mchezo. Shujaa asiyedhurika anamnyang'anya mchezaji kitu pekee ambacho mchezo wa zamu unaweza kumpa, yaani uamuzi mgumu kila zamu.

Iliyonitoa hapo ni kuisoma hadithi upya, safari hii nikitafuta ni nani ndani yake anayefanya maamuzi. Liyongo gerezani kafungwa minyororo. Hana la kuamua. Anayeamua ni mama yake, na anayetembea ni Saada, kijakazi anayepeleka chakula. Walinzi wanakila chakula kizuri njiani na kumwachia mfungwa makombo. Basi mama anaoka mkate wa wishwa, ambao mlinzi yeyote ataudharau, na ndani yake anatia tupa. Kisha nje ya gereza inapigwa gungu, kwa ngoma, matoazi, upatu na siwa, ili sauti ya tupa kwenye chuma isisikike. Kila kipande cha hadithi hii tayari ni kanuni. Inahitaji namba tu.

Kwa hiyo mchezaji wangu sasa anamwendesha Saada na wapiga gungu wanne. Liyongo hasogei mpaka mnyororo ukatike. Jikoni mpaka gerezani ni vigae 8, yaani zamu mbili kwenda na mbili kurudi, na Saada hubeba mkate mmoja kwa safari. Walinzi wakipata mkate wa unga mweupe wanakula, na hawapekui chochote kwa zamu 4 zinazofuata. Mkate wa wishwa ukifika kabla hawajala, wanaupasua na kuiona tupa. Basi mweupe unatangulia, unafika zamu ya 2; Saada anarudi jikoni zamu ya 4; tupa inaingia zamu ya 6, shibe ya walinzi ikiwa imebakiza zamu hiyohiyo moja. Mnyororo unahitaji kukatwa mara nne, mara moja kwa zamu, bila bahati nasibu yoyote. Na kila zamu ya kukata, angalau wapiga gungu watatu lazima wawe ndani ya vigae 2 kutoka ukuta wa gereza, la sivyo walinzi wanasikia.

Watatu kati ya wanne. Huyo mmoja wa ziada ndiye uhuru wa mchezaji, na nilimbishania kichwani kwa siku kadhaa. Nikiweka watano senario inakuwa rahisi. Nikiweka watatu inakuwa fumbo lenye jibu moja.

Dhahabu nayo ina kazi. Katika Wesnoth kila upande hupata dhahabu 2 kwa zamu hata usipokuwa na kijiji cha kukuongezea mapato, na kila askari hula dhahabu sawa na daraja lake, isipokuwa viongozi na wale walioandikwa kuwa watiifu. Aliye daraja 0 hali kitu. Saada nimempa daraja 0, na wapiga gungu daraja 1 kila mmoja. Sikuweka kijiji hata kimoja. Mapato 2, matumizi 4: mfuko unapungua dhahabu 2 kila zamu kuanzia zamu ya 2. Mchezaji anaanza na 30, senario ina zamu 12, kwa hiyo 22 zinakwenda kwa wapiga ngoma na 8 zinabaki. Mkate wa unga mweupe ni dhahabu 4. Ana mikate miwili, basi: mmoja wa lazima, mwingine wa kufidia kosa. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mama yake Liyongo hana mali nyingi, lakini mchezaji anahesabu senti zake mlemle.

Daraja 0 lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika Wesnoth, kiumbe wa daraja 1 na kuendelea hulinda vigae vinavyomzunguka: adui akikanyaga kimojawapo, anasimama hapo kwa zamu hiyo. Wa daraja 0 hamzuii mtu. Saada hawezi kutumika kama ukuta, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Walinzi walinisumbua kuliko yote. Akili mnemba ya Wesnoth haipangi mbele. Kila zamu inapima mashambulizi yanayowezekana sasa na kuchagua lenye faida. Unaweza kuipa maelekezo kwa namba, kwa mfano kiwango cha ukali, ambacho kwa kawaida ni 0.4. Ukikipandisha hadi 1, inashambulia bila kujali hasara yake yenyewe. Lakini hakuna namba ya kumwambia mlinzi "jifanye hujaona". Mwanzoni walinzi wangu walikuwa wakimvamia Saada na mkate wake mkononi zamu ya kwanza. Suluhisho likawa la kushangaza kwa urahisi wake: walinzi wanaanza wakiwa timu moja na mchezaji. Saada anapita katikati yao, hakuna anayemgusa. Pembeni kuna kihesabu cha wasiwasi, na kila zamu tupa ikisikika kinaongezeka moja. Kikifika 2, tukio linabadilisha jina la timu ya walinzi, na palepale majirani wanakuwa maadui. Zamu inayofuata panga zinachomolewa. Nilipoliona likitokea kwenye skrini kwa mara ya kwanza nilisisimka, ingawa mimi ndiye niliyeandika.

Jambo la mwisho kwenye ramani ni bahari. Pate ni kisiwa cha mikoko na mikono ya bahari, na anayekijua anajua kwamba pale safari hupangwa kwa maji kujaa na kupwa. Wesnoth ina amri ya kubadilisha ardhi katikati ya mchezo, kwa hiyo mkono wa bahari kando ya gereza, wenye upana wa vigae 4, unageuka kutoka Ww kuwa Ds na kurudi. Maji yamejaa zamu ya 1 hadi 3, yamepwa 4 hadi 6, yamejaa 7 hadi 9, yamepwa 10 hadi 12. Kwenye maji Liyongo mwenye hatua 5 anapita kigae kimoja kwa zamu. Kwenye mchanga, ambao ni hatua 2 kwa kigae, anapita viwili. Kwenye kigae cha nne mtepe, mashua ya kale ya pwani, unamngoja. Bahari ya kweli hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, nami nimeifanya mara moja. Nilijaribu kufuata ukweli, lakini zamu 6 hazigawanyiki vizuri hivyo, na mchezaji alikuwa akipoteza hesabu. Kati ya uhalisi na kanuni inayokumbukika, nimechagua kanuni.

Mambo mengine ni mepesi. Modi yako ni folda moja yenye faili kuu liitwalo _main.cfg na ndani yake folda za ramani, senario, viumbe na picha. Picha ya kiumbe inakaa kwenye mraba wa pikseli 72 kwa 72. Maandishi ya Kiswahili hayana shida yoyote ya herufi. Usichukue picha ovyo mtandaoni, kwa sababu hazina ya nyongeza za Wesnoth inapokea kazi za leseni huria tu, na ni haki. Kuhusu ugumu, mazoea ni kumwongezea adui dhahabu, tuseme 100, 150 na 200 kwa viwango vitatu. Mimi naona huo ni uvivu kwenye senario ya namna hii. Kwenye kiwango rahisi nampa mchezaji mpiga gungu wa tano, mtiifu asiyekula dhahabu. Kwenye kigumu namwondolea mkate wa pili.

Na jaribu senario yako kwa kukusudia kushindwa. Andika amri ya :debug, jipe chochote unachotaka, mpeleke Saada baharini, mwache mama afe, maliza zamu 12 bila kufanya kitu. Mimi niligundua hivyo kwamba Liyongo akikata mnyororo zamu ileile wasiwasi unapofika 2, mchezo ulikuwa unatangaza uhuru wake na kengele ya hatari kwa pamoja.

Mpwa wangu amelicheza toleo hili mara tatu. Mara ya kwanza alipeleka wishwa kabla ya mkate mweupe. Mara ya pili aliwatuma wapiga gungu wawili ufukweni mapema, kwa kuwa alihofia wasingefika, na gereza likawa kimya. Mara ya tatu alifanya yote sawasawa isipokuwa zamu ya 8, alipomsogeza mmoja kigae kimoja mbali mno bila kuona. Akaghairi kukata, zamu ikapotea. Mnyororo ukakatika zamu ya 10. Zamu ya 11 Liyongo akakanyaga mchanga, vigae viwili. Walinzi walikuwa bado wanacheza gungu. Zamu ya 12 akaingia mteponi, na kabla sijasema neno mpwa wangu alishaanza upya, akivihesabu kwa kidole kwenye kioo vigae vya kutoka jikoni.